Koti la Korongo

Ujumbe ulikuja kwenye kikundi cha wazazi Jumatatu, nikiwa kazini, mbele ya mzee mmoja aliyekuwa akinieleza kwamba haoni vizuri na pia hataki miwani. Mimi ni wa mapokezi katika kliniki ya macho kule Muthangari. Ujumbe ulisema watoto waje Ijumaa wamevaa mavazi ya Halloween, na yasiwe ya kununua. Yatengenezwe nyumbani kwa vitu vilivyopo, bila gharama, kwa ubunifu. Chini yake mwalimu alikuwa ameweka picha ya boga lililotobolewa macho.

Haikuchukua muda kikundi kikagawanyika. Mama mmoja aliandika sala ndefu kwa herufi kubwa. Mwingine akauliza kama karo tunayolipa ni ya kufundisha watoto ushetani. Baba mmoja, ambaye huandika tu mambo yakishachemka, akauliza kama boga ni la lazima. Kufikia jioni mwalimu mkuu alikuwa amebadilisha jina, ikawa Siku ya Ubunifu, watu wakaandika amina, na picha ya boga ikabaki pale pale.

Boga nilikuwa nalo. Nililichemsha, tukalila kwa chai.

Binti yangu alikuwa Gredi ya Nne. Baba yake alikuwa amefariki mapema mwaka huo, tukamzika nyumbani kwao, magharibi, kisha tukarudi Nairobi kuendelea na maisha kama watu walivyotushauri. Mtoto aliendelea vizuri. Walimu walisema hivyo, pasta alisema hivyo, majirani walisema hivyo. Mimi niliyelala naye chumba kimoja nilijua kwamba tangu mazishi hakuwa amemtaja baba yake hata mara moja, na kwamba tulipokuwa tukila alikuwa akikiangalia kile kiti kingine, cha baba yake, halafu anaangalia sahani.

Nilimuuliza anataka kuwa nani hiyo Ijumaa. Niliomba kimoyomoyo aseme malaika, kwa kuwa malaika ni shuka nyeupe tu.

"Korongo," akasema.

"Korongo gani?"

"Wale wa slaughter. Waheshimiwa."

Tunaishi Dagoretti, upande wa vichinjio, na pale makorongo ni wengi kuliko mapadri. Ni yule ndege mrefu mwenye upara, mwenye mfuko unaoning'inia shingoni, ambaye hakuna mtu wa Nairobi asiyejua kinyesi chake. Mume wangu aliwaita waheshimiwa. Alisema ukimwona mtu mwenye kipara na koti jeusi, amesimama penye uchafu bila haraka, anangoja chake, huyo ni mheshimiwa, msalimie. Na aliwasalimia kweli. Alikuwa akipita na mtoto kumpeleka shule, anasimama chini ya ukuta wa kichinjio na kuuliza, "Mheshimiwa, umeamkaje? Kamati inakaa saa ngapi?" Ndege hawakujibu. Yeye alisema huo ndio ulikuwa ushahidi kwamba ni waheshimiwa.

Kwa hiyo neno lile lilikuwa la baba yake. Nilimpa mtoto mgongo nikaendelea kukata sukuma.

Sasa niseme habari ya koti, maana bila koti hakuna la kusimulia.

Lilikuwa jeusi, refu, zito, la mvua, la mtumba. Mume wangu alilinunua Ngara kabla hatujaoana na akalivaa miaka yote aliyofanya kazi ya kusoma mita za maji, nyumba kwa nyumba, kuanzia kwetu mpaka kule kwenye mageti ya Lavington. Mbwa wa matajiri walilijua lile koti. Lilimfika chini ya magoti. Bitana ilipochanika alilirudisha Ngara kwa fundi, na kabla hajalichukua akaugua, na hakuugua muda mrefu. Hospitalini aliniambia nisisahau kwenda kwa fundi. Nilisahau, kama ambavyo yeyote angesahau.

Kwa ukoo wao, mtu akishazikwa nguo zake hugawanywa. Watu hukaa uani, nguo zinatolewa moja moja, na mama wa marehemu akiwa hai ndiye anayeita mtu na kumkabidhi: wewe shati hili, wewe viatu hivi. Hakuna kubishana, ingawa kununa kunaruhusiwa. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alipewa suti ya harusi yetu. Haimtoshi na huivaa. Nguo ikishapewa mtu ni yake moja kwa moja. Ile ambayo haijagawanywa si ya mtu yeyote, na huwezi kuivaa wala kuiuza wala kumpa maskini mpaka mama atamke.

Koti halikugawanywa kwa sababu lilikuwa Ngara. Wiki kadhaa baada ya mazishi fundi alinipigia simu na kuniambia mume wangu ana madharau, analeta kazi halafu hachukui. Nikamwambia amekufa. Fundi akasema bitana ametia nzuri.

Nililileta nyumbani nikalitundika nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Bado lilikuwa na harufu yake, mchanganyiko wa sabuni ya kipande na mvua. Siku hiyo hiyo nilimpigia mama mkwe kumwarifu, kwa sababu mambo ya nguo za marehemu hayafichwi. Akasema ni sawa, atakuja. Niseme wazi: sikutaka aje. Nguo nyingine zote niliziona zikienda, moja moja, kwa watu waliomlilia na kwa watu waliofika siku ya chakula tu, nikatulia kama mke mwenye adabu. Hilo koti nililitaka libaki. Asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikuwa nikilishika mkono, yaani mkono wa koti, halafu naondoka.

Mama mkwe alipiga Jumatatu hiyo hiyo ya boga. Nilikuwa na kisu mkononi, kwa hiyo nikaweka simu kwenye spika. Mtoto alikuwa mezani na kazi ya hesabu.

"Nakuja Alhamisi, mama," alisema. Huniita mama, ndiyo heshima ya kwao. "Nije muniangalie haya macho hapo kazini kwako. Jumamosi nirudi. Na lile koti nitaondoka nalo."

"Sawa, Mama."

"Mdogo wake huku anateseka na baridi."

"Sawa, Mama."

Nilisema sawa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Simu ilipokatika mtoto aliniuliza saba mara nane ni ngapi, jambo ambalo alikuwa analijua tangu mwaka uliotangulia. Nikamjibu.

Jumanne tulianza kutengeneza korongo. Sijisifu, lakini mimi nina mkono wa kazi kama hizo. Mdomo tuliutengeneza kwa boksi la sabuni, tukalikunja refu na kulibandika kwa uji mzito wa unga wa ngano, kisha tukalipaka majani ya chai mpaka likapata rangi ile chafu inayotakiwa. Upara ulikuwa soksi ya nailoni ya rangi ya ngozi, ya kanisani, iliyochanika kisigino. Ilivutwa kichwani mpaka kwenye nyusi, na juu yake tukashonea nyuzi chache za katani, maana mheshimiwa hakosi nywele kabisa. Mfuko wa shingoni ulikuwa soksi nyingine iliyojazwa vitambaa. Yale manyoya meupe ya kifuani tuliyatoa ndani ya mto wangu, na tangu siku hiyo nimelalia mto mwembamba. Miguu ilikuwa stokingi nyeupe za shule. Korongo wana miguu myeupe kwa sababu hujinyea miguuni wenyewe. Mtoto aliniomba nisiliseme hilo mbele ya mwalimu.

Yalibaki mabawa. Nilikuwa na mwavuli mweusi uliovunjika, nikaukata katikati na kumfungia nusu kila mkono. Alijiangalia kwenye kioo, akainua mikono, akaishusha.

"Mum, hii ni popo."

"Popo pia anatisha."

"Si ya kutisha. Ni korongo." Akaangalia mlango wa chumba. "Tutumie koti ya Daddy."

Hapo ndipo alipomtaja, kwa mara ya kwanza, na mimi nilichojibu ni hapana.

"Si yetu hiyo," nikamwambia.

"Ni ya nani?"

"Bado haijakuwa ya mtu. Nyanya yako ndiye atasema."

"Si amesema? Ni ya Uncle."

Nilimwambia avue mwavuli akaoge.

Jumatano mvua ilinikuta stendi na nikafika nyumbani nimelowa na nimekasirika tayari, bila sababu yoyote ya haja. Mtoto hunitangulia nyumbani, ana ufunguo wake. Alikuwa ameketi sakafuni katikati ya chumba cha kulala, ametandaza koti la baba yake kama mtu anayetaka kulichuna, na mkononi ana mkasi wa jikoni, ule ninaokatia kuku.

Alikuwa ameshamaliza. Kuanzia kiunoni kwenda chini, kuzunguka mwili wote wa koti, kulikuwa na vipande virefu vilivyochongwa ncha, manyoya ya korongo, vikubwa kwa vidogo. Bitana nzuri ya fundi wa Ngara ilichungulia katikati yake. Vifungo viwili vya chini vilikuwa sakafuni.

Mimi si mtu wa kupiga watoto. Siku hiyo nilikasirika mpaka nikaiogopa mikono yangu, nikaiweka kwapani. Nilimpigia kelele ambazo jirani wa chini alizisikia, najua kwa sababu alizima redio ili azisikie vizuri. Nilimwambia ni mjinga. Nilimwambia hana huruma na mtu. Nilimwambia kile kitu kilikuwa cha mwisho, kwamba hakuna kingine, kwamba ameharibu kitu ambacho hakitapatikana tena kwa ajili ya sherehe ya wazungu yenye jina la uongo.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Sasa hawezi kuibeba," akasema.

"Nani?"

"Nyanya. Imekatwa. Uncle hawezi kuvaa koti imekatwa, watu watamcheka." Alianza kulia sasa, lakini alikuwa bado anaeleza, kama anayemweleza mtu mzito wa kuelewa. "Hata wewe ulikuwa unasema tu sawa, sawa. Nani alikuwa anakataa?"

Nilikaa kitandani na nguo zangu za mvua. Nililia kwa sauti, kilio cha matanga, kile nilichokosa nafasi ya kulia kule mazishini kwa sababu nilikuwa nikihesabu sufuria na wageni. Mtoto alikuja akakaa karibu yangu, bado ana mkasi. Tulipomaliza nilipika mayai. Baadaye nilichukua pini nikambania koti mabegani, kwa kuwa lilikuwa limeshakatwa, na lisipotumika lingekuwa limekatwa bure. Mabega yalimwangukia na shingo yake ikatokeza mbele, nyembamba, na ule mfuko wa soksi ukining'inia. Alikuwa korongo kamili. Ni lazima niliseme hilo.

Mama mkwe alifika Alhamisi asubuhi. Nilimpokea mjini kwenye ofisi ya mabasi, tukaenda moja kwa moja Muthangari, akapimwa macho na kuambiwa yanahitaji miwani. Akasema amekuwa akijua. Njia yote ya kurudi nyumbani nilikuwa nikitafuta pa kuanzia. Nilimweleza bei ya nyanya. Nilimweleza habari za kwaya. Tulipofika mlangoni nilikuwa sijaanza.

Mtoto alikuwa ametutangulia na alikuwa amevaa. Vazi zima, mdomo na kila kitu, amesimama kando ya meza kwa mguu mmoja.

Mama mkwe aliweka mkoba chini. Aliomba kwanza, kama kawaida yake aingiapo nyumba, akashukuru kwa safari na kwa barabara. Akafungua macho.

"Hii ni nini?"

"Korongo, Nyanya."

"Ni hiyo Halloween? Mchungaji ametuambia habari yake."

"Ni Siku ya Ubunifu, Mama," nikasema.

Alimzunguka polepole. Alishika mdomo, akaupima uzito. Aliangalia upara kwa muda mrefu na nikamwona akizuia kicheko, maana mama mkwe wangu ni mcha Mungu lakini si kipofu, ukiacha hayo macho. Akasema shetani hawezi kukubali kuonekana hivyo. Kisha mkono wake ukafika begani, kwenye kitambaa, ukasimama.

Alikishika kitambaa kati ya vidole viwili. Akateremka nacho, begani, kiwiko, mfuko, mpaka pale kinapoanza kuwa manyoya. Akachukua unyoya mmoja. Hakuhitaji miwani.

"Nani amekata?"

Nilifungua mdomo niseme ni mimi.

"Ni mimi," alisema mtoto. "Mum alikataa. Nilikata akiwa job."

Mama mkwe alivuta kiti, kile kiti kingine, akakikalia. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kukikalia tangu mazishi.

"Umekata vibaya," akasema. "Kitambaa hiki kikikatwa hivi kinafumuka. Ukifika shule nusu itakuwa imebaki njiani. Lete sindano."

Walishona mpaka wakati wa chakula. Yeye alikunja ncha kwa kupapasa, mtoto alimtungia uzi, mimi nilisonga ugali. Walipofika unyoya wa mwisho mama mkwe alikata uzi kwa meno, akasimama, akamvua mtoto koti, akalikung'uta kama alivyofanya kule uani na mashati yale mengine. Nilijua anachofanya. Nilizima jiko.

Akamwita mtoto kwa majina yake yote, la kanisa na la ukoo. "Hii ni nguo ya baba yako. Nimekupa mimi niliyemzaa. Ukiulizwa nani amekupa, sema hivyo." Akamvisha.

Kwao wasichana hawapewi makoti ya wanaume. Sikumkumbusha.

"Na shemeji, Mama?" niliuliza baadaye, tukiosha vyombo. "Hiyo baridi yake?"

"Ana makoti mawili," akasema, akifuta sahani ambayo ilikuwa imeshakauka. "Ni mimi nilikuwa nalitaka. Nilikuwa nataka nikaliweke tu kitandani." Akaiweka sahani juu ya nyingine. "Sasa mtu mzima ataanzaje kusema hivyo?"

Binti yangu alikuwa nyuma yetu akijifanya anatafuta kikombe.

Ijumaa alienda shule. Kulikuwa na malaika kumi na kitu, wote shuka nyeupe. Zawadi ya vazi lisilo na gharama ilichukuliwa na mtoto aliyevaa gauni la binti mfalme ambalo bado lilikuwa na alama ya mkunjo wa duka. Mwalimu alidhani binti yangu ni pengwini. Wenzake walidhani ni mwenye duka la majeneza. Alipofika mbele akaulizwa yeye ni nani, na kwa maelezo ya mwalimu alijibu kwamba yeye ni mheshimiwa, kamati inakaa saa ngapi, na watoto wakacheka sana, ingawa walimu hawakuelewa. Alirudi nyumbani akaniambia hayo yote huku akila mkate, na alisema Daddy mara nyingi, Daddy alisema hivi, Daddy angesema vile, kama bomba lililofunguliwa baada ya siku za mgao. Mama mkwe aliketi akisikiliza. Aliomba arudiwe lile la kamati.

Jumamosi tulimsindikiza mjini. Asubuhi nilipokuwa nikijiandaa nilinyoosha mkono nyuma ya mlango, kwa mazoea, na sikupata cha kushika. Koti lilikuwapo. Mkono wake wa kulia haukuwapo. Ulikuwa umekatwa begani, safari hii vizuri, kwa kufuata mshono. Nilimwangalia mtoto. Alikuwa anafunga viatu.

"Ni yangu," alisema bila kuinua kichwa. "Si Nyanya alisema ni yangu?"

Alisema kweli.

Mama mkwe alipata kiti cha dirishani. Basi lilichelewa kuondoka, kama kawaida, kwa hiyo tulisimama chini tukamwangalia, tukimpungia mara kwa mara mpaka kupunga kukaisha maana. Baadaye akatusahau. Alifungua mkoba, akatoa kitu cheusi kilichokunjwa, akakikunjua kwenye mapaja. Aliingiza vidole, kisha kiganja, kisha mkono wake wote, mpaka kitambaa kikamfika begani juu ya sweta. Mkono wa koti ulikuwa mrefu, vidole vyake havikutokeza. Akaukunja kifuani, akaushika kwa ule mwingine, na kuegemeza kichwa.

Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Nilimsikia mama aliyeketi kando yake akimuuliza kama anasikia baridi.

Akasema ndiyo, kidogo.